Jina Lako Nililitaja kwa Mgeni

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila shikamoo. Ungesema mukazana wako, mke wa mwanao, amepoteza adabu tangu azoee mambo ya ofisini. Basi shikamoo, Baba. Ni mimi Skolastika wa Melkiori, yule wa Keza mwenye maneno mengi.

Wamekubali. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila niliporudi kutoka ofisini, kabla hata sijavua kandambili. Karatasi ilikuja Jumanne. Imeandikwa kwamba ndoa yangu na Melkiori ni ndoa ya kweli, na kwamba naruhusiwa kumfuata mume wangu katika nchi ile ya baridi. Zaidi ya miaka miwili nimeulizwa kama mimi ni mke wa mume wangu, na jibu limekuja kwa mstari mmoja na muhuri. Majirani walipiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye kigoda chako nikalia, mpaka Mama Odeta wa hema la pili akadhani nimekataliwa.

Sikukataliwa, Baba. Nililia kwa sababu najua walikubali baada ya kupata nini kwangu, na wewe ndiye uliyeomba kitu hicho kwanza nikakunyima.

Unaikumbuka siku ya jembe? Ulikuja kwetu Keza na kibali cha siku moja cha kutoka kambini, jembe jipya la mahari begani, mpini umeuchonga mwenyewe na kuukwangua kwa kipande cha chupa hadi ukang'aa. Baba yangu mzazi alilipokea kwa mikono miwili. Mkakaa kwenye chungu kimoja cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, na mrija wako ukaziba, akakupa wa kwake. Mama alisema palepale kwamba hiyo ndoa haitavunjika. Kanisani hatukufunga, maana cheti cha ubatizo cha Melkiori kiliungua kwenu Burundi pamoja na nyumba, na padri alitaka barua kutoka parokia ambayo haikuwa tena na mtu wa kuandika barua. Picha hatukupiga. Nani angefikiri kuhusu picha? Jembe limepokelewa, pombe imenywewa, watu wa Keza wote wameona. Sikujua kwamba kuna siku nitaulizwa ushahidi, halafu jembe lisitoshe.

Nikahamia kambini, tukaishi watatu chini ya turubai moja. Watu wa huko nje hawawezi kujua ugumu wake. Kwetu na kwenu mkwe haonani ovyo na baba mkwe, hali naye sahani moja, hapiti mbele yake kama apitavyo mbele ya mtu mwingine; sasa hema lenyewe hatua sita kwa nne! Ulitundika blanketi la mgao katikati. Na kila ulipotaka kuingia, ulisimama nje ukakohoa, mara mbili, ili nijiweke sawa. Hata siku ya mvua ya mawe ulisimama nje ukakohoa kwanza. Melkiori alikuwa akikucheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nikijifunga kanga vizuri.

Halafu likaja lile jambo la kuhamishiwa nchi ya mbali. Faili lenu lilifunguliwa kabla sijaolewa, ndani yake mlikuwa wewe na Melkiori tu. Ili niongezwe, ilibidi mimi na yeye tuhojiwe kila mmoja peke yake, wapime kama majibu yanalingana. Nilikwenda nikiwa najiamini. Mimi nimeuza ndizi sokoni tangu nina miaka kumi na miwili, mdomo wangu unajulikana mpaka Mugoma. Ofisa akaniuliza Melkiori hulala upande gani. Nikajibu. Kovu lake liko wapi. Nikajibu, nikaeleza na mbuzi aliyelisababisha. Jana tulikula nini, nani alipakua. Nilijibu mbio mpaka mkalimani akaniomba nipunguze mwendo.

Ndipo akauliza, "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Nikasema, "Namwita Baba." Akasema anataka jina. Nikasema, "Baba Melkiori." Akaweka kalamu chini, akaniangalia, akauliza nimeishi na huyo mzee miaka mingapi. Minne, nikasema. Akauliza tena jina, nikaangalia vidole vyangu.

Mama alinilea nikijua kwamba mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, iwe kwa hasira au kwa mchezo. Haliandiki pia, kwa sababu ukiliandika, kila apitaye atalisema kwa ajili yako. Mkalimani alitoka pwani, hakulijua jambo hilo, nami sikujua kwamba kuna binadamu asiyelijua. Nilidhani ananiona nina heshima. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mimi wa maneno mengi, siku moja ya kufunga mdomo ndiyo iliyoniponza.

Majibu yakasema hatujathibitisha ndoa. Yakasema huenda mimi ni Mtanzania tu aliyetafuta mkimbizi wa kusafiri naye. Melkiori alinigombeza siku ile, mara moja tu katika maisha yetu. Wewe ulikuwa nje, umetupa mgongo, unachonga mpini. Ulisema bila kugeuka, "Kosa lake ni heshima yangu. Ukimgombeza yeye, umenigombeza mimi." Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo.

Kisha ukafanya jambo ambalo kambi nzima ilikuita mjinga kwa ajili yake. Nafasi zenu mbili zilikuwa tayari, na zisipotumika zinapotea. Ukamlazimisha Melkiori aende, akatuombee akiwa huko. Yako ukaikataa. Ulimwambia ofisa kwamba hupandi ndege ukamwacha mkwe wako nyuma, na kwamba rufaa itakapofika wewe ndiwe utakayekuwa shahidi, maana ndiwe uliyebeba lile jembe. Siku ya safari mimi nilimsindikiza Melkiori hadi Lusahunga, alikopandia gari. Wewe hukuruhusiwa kupita kizuizi cha kambi. Niliporudi nilikukuta umesimama palepale tulipokuacha asubuhi.

Tukabaki wawili. Mama Odeta akaja kulala upande wangu wa blanketi ili watu wasiseme.

Melkiori akaandika kwamba rufaa imepokelewa, ameieleza mila yetu, lakini nitaitwa tena na swali lile litarudi. Ndipo ukaanza kunifundisha. Kila jioni, jua likiwa bado juu ya migomba ya upande wa Keza, ulitoa kigoda nje, ukakaa umenipa mgongo. Ukasema, "Sikuangalii, mukazana. Litaje." Nikafungua mdomo. Nikalia. Ukasema tutajaribu kesho, ukaanza kunisimulia habari za ng'ombe wenu waliobaki kule, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake tena. Siku moja ulinitania kwamba sauti yangu inasikika kutoka sokoni nikikataa bei ya ndizi, iweje ishindwe kuvuka hatua tatu. Nilicheka, nikajaribu nikiwa nacheka, silabi ya kwanza ikatoka, nikaziba mdomo kwa kanga. Ulisubiri. Mabega yako niliyaona yamesubiri. Kisha ukachukua panga ukarudi kwenye mipini yako.

Leo najua hukuwa ukifanya hivyo kwa ajili ya ofisa peke yake. Mkeo alikufa njiani mkikimbia. Mabinti zako hujui walipo. Kambini wote walikuita Mzee Mipini, watoto na wakubwa. Melkiori alikuita Baba, mimi Baba. Ulikuwa na jina, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa nyumbani kwako aliyelitumia. Ulitaka kulisikia, Baba. Nimechelewa kuelewa.

Sasa nakuja kwenye lile ninaloliogopa.

Ulikohoa. Kikohozi kilipokuja cha kweli, mimi niliendelea kukisikia kama nilivyozoea. Ulipokohoa nje, nilijifunga kanga na kusema karibu. Ulipokohoa mara tatu badala ya mbili, nilifikiri nimechelewa kuitikia. Mwezi mzima, Baba! Mama Odeta ndiye aliyeniambia kwamba hicho si kikohozi cha adabu. Tulipokufikisha zahanati, mganga aliuliza kimeanza lini nikashindwa kusema. Siku ya tatu uliomba ugeuzwe uelekee ukutani, nikadhani mwanga unakuumiza. Ukasema, "Sasa sikuangalii." Nilielewa. Nilisema moyoni, kesho, akipata nguvu kidogo. Kulipokucha ulikuwa umekwenda.

Wito wako wa kutoa ushahidi ulikuja wiki iliyofuata, umeandikwa jina lako kwa wino mweusi. Nilitia kidole gumba kwamba nimeupokea kwa niaba yako, ingawa najua kuandika, maana ilibidi niliandike jina lako.

Kaburini kulikuwa na aibu ambayo sijamwandikia Melkiori. Katekista alikuja na msalaba wa mbao na rangi, akaniuliza jina, maana nilikuwa ndugu yako pekee pale. Kadi yako ya mgao ilikuwa ofisini kwa uhakiki. Majirani wakaniangalia. Nikaangalia udongo. Basi mtu mmoja akasema, andika Mzee Mipini, wote tunamjua hivyo, na ndivyo alivyoandika. Nilikuzika kama mtu asiye na watu.

Nilipoitwa tena, ofisa alikuwa mwingine, mwanamke mpole mwenye miwani. Maswali yakaja yaleyale. Nilipoona lile linakaribia nilishika meza. Akauliza. Nikafumba macho, nikajifanya ninaona mabega yako na kigoda, nikalitaja. Lote. Sauti haikutetemeka, nilishangaa. Yeye hakuinua hata kichwa. Aliandika, akasema, "Haya. Mama mkwe je?"

Hapo ndipo nilipolia, naye akanipa maji akidhani naogopa. Ningemwelezaje? Jina nililokunyima ukiwa hai, ukiwa mgonjwa, ukiwa ndani ya sanduku, nilimpa mtu asiyejua kwamba amepewa kitu. Na kwa jina hilo wakaamini kwamba mimi ni mkweo.

Keshokutwa gari linanichukua. Tutapita Lusahunga, nami nitaangalia pale Melkiori alipopandia. Jembe nimelirudisha Keza kwa mama. Amesema halitakaa ukutani, atalilimia maharage, na mpini ukichakaa hautatupwa. Kigoda nimemwachia Mama Odeta. Watu wanasema kambi itafungwa, mahema yang'olewe, nyasi ziote. Ndiyo maana nimekuja leo kaburini kwako.

Nimekuja na kopo la rangi nyeusi, nimeliomba kwa katekista. "Mzee Mipini" nimeliacha, kwa sababu lilikuwa la upendo. Juu yake nimeandika lako. Nimeandika polepole, kwa herufi za darasa la saba, na sasa yeyote apitaye alisome na alitamke.

Nakuahidi mambo mawili. La kikohozi nitamwambia Melkiori kwa mdomo wangu, uso kwa uso, siku ya kwanza, nisilifiche nyuma ya barua. Akinigombeza, safari hii hutakuwepo wa kunitetea, nitavumilia. Na tukijaliwa mtoto, atalijua jina lako kabla ya kujua jina la hiyo nchi, nami ndiye nitakayemfundisha.

Barua hii nimeiandika hapa hapa, kwenye udongo, magoti yangu yakiwa meza. Nimegeuka. Nimekupa mgongo kama ulivyokuwa ukinipa wewe, ili nisione haya. Nikimaliza mstari huu nitaifukia chini ya msalaba, lakini kwanza nalisema kwa sauti, ile ya sokoni, uisikie vizuri.

Sikuangalii, Baba.

Ntahondi.

Kwaheri, Ntahondi, baba wa mume wangu.

Mukazana wako,
Skolastika