Udongo wa Mirihi

Jumatano, 21 Julai 1976. Bashay
Madaftari ya darasa la saba, bado nusu. Baridi imenishika miguu. Redio inasema chombo cha Wamarekani kilitua Mirihi jana, kitachota udongo kutafuta uhai. Niliwaeleza watoto darasani. Mmoja akauliza kama huko kuna ng'ombe. Swali la Kimbulu kabisa, la wafugaji. Mwanangu alicheza tumboni kipindi kizima. Mimba ina miezi saba sasa. Jioni mama mkwe kaja kunikanda mgongo kwa samli.

Jumapili, 1 Agosti
Udongo wa Mirihi umetiwa maji na chakula, umetoa hewa. Wataalamu hawataki kusema ni uhai. Waoga. Mimi nimeamini.
Mtoto hajacheza tangu juzi. Labda amelala.

Jumatano, 4 Agosti
Hospitali. Mvulana. Hakulia.

Jumatatu, 9 Agosti
Nimerudi nyumbani. Asubuhi nikaenda kuomba moto kwa jirani, kama siku zote. Akamfunika kichanga chake kwa kanga, akakimbilia ndani, akafunga mlango. Nimebaki uani na kigae changu cha kubebea makaa.
Mume wangu hakuwa ameniambia. Huku mama aliyepoteza mimba anawekwa metimani: miezi mingi haguswi, hapewi moto, hachoti maji na wenzake. Kwetu Upareni nyumba ingejaa watu, tungelia wote. Nimemkasirikia sana. Anasema aliona aibu.

Alhamisi, 19 Agosti
Mwenyekiti wa kijiji amesema mkutanoni mila hii inaturudisha nyuma, wajamaa wote ni ndugu. Vizuri. Na yeye akipita kwangu anazunguka nyuma ya zizi asikutane nami. Darasa langu kapewa mwingine. Hayo nayaweza. Mama mkwe kutokuja ndiko kunakoniua.

Jumapili, 5 Septemba
Chombo cha pili kimetua. Kile cha kwanza hakijaona udongoni hata mabaki ya kitu kilichowahi kuishi. Bado wanatafuta. Nimewaonea wivu, nikazima redio.
Alasiri mama mkwe amekuja. Kasimama mbali, nje ya ua. Shikamoo yangu kaipokea kutoka huko huko. Kaweka chini kibuyu cha maziwa. Nikishakigusa hatakichukua tena, ndiyo mila.
Akauliza, "Mwalimu, yule mtoto alifanana na nani?"
Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.
"Baba yake, Mama. Paji la uso hasa."
Akakaa pale pale kwenye majani, kanga usoni. Mimi mlangoni. Tumelia mpaka ng'ombe wakarudi.