Kadi Yako, Milcah

Kiwanda cha Magunia,
Nakuru.
Jumapili, 15 Septemba 1957.

Mpendwa dada yangu Milcah,

Pokea salamu zangu kutoka hapa mtaa wa Bondeni, ninazokutumia kwa mapenzi ya ndugu wa tumbo moja. U hali gani? Baba anaendeleaje na kile kikohozi chake cha asubuhi? Na miguu ya Mama, bado inavimba ikifika jioni? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Wifi yako Nekesa ni mzima, na mtoto ameota meno mawili ya chini, anamng'ata kila anayembeba. Upande wa afya sina neno baya. Kama kuna ugonjwa ni wangu mwenyewe, nao hauonekani kwa macho. Nitakueleza nikifika hapo, kwa hiyo nakuomba usiikunje barua hii kabla hujaimaliza.

Mvua ilikatika wiki mbili zilizopita, na upepo umeanza kuinua vumbi jeupe la ziwani. Ikifika saa nane mchana mji wote unakuwa kama kitu unachokitazama kupitia chandarua. Watu wanapita barabarani lakini huwatambui mpaka wakusalimie. Ndani ya kiwanda ni vivyo hivyo: manyoya ya makonge yanaelea kwenye miale ya jua inayopenya paani, yanashuka polepole juu ya vichwa vya akina mama wanaoshona, na mtu akisimama mlangoni anaweza kudhani wote wale wamelala na cherehani zinajiendesha zenyewe. Siku hizi nasimama mlangoni mara nyingi. Kwa nini nasimama mlangoni wakati mimi ni karani, hilo nalo utalisoma.

Bibi Saa amerudi. Unamkumbuka, yule Mzungu mrefu aliyevaa saa shingoni kama kengele ya ng'ombe, aliyekuja mwaka jana na mbao zake zenye matundu ya kuchomekea vijiti. Wafanyakazi ndio waliompa jina hilo, naye analipenda kuliko jina lake. Kazi yake ni kuchunguza akili na mikono ya watu kazini, ili kila mmoja awekwe mahali panapomfaa. Siku moja nilimuuliza kama kweli kuna chuo kinachofundisha jambo hilo. Akacheka, akaniambia kwamba watu husomea mawe na wadudu miaka mingi, sasa kwa nini wasisomee mtu anayeshona gunia?

Kumbuka jinsi hali ilivyokuwa alipokuja mara ya kwanza. Watu wengi walikuwa wameondolewa mjini kwa sababu ya Hali ya Hatari, mashine zikakosa mikono, ndipo meneja akakubali kuandika wanawake kumi na wawili wa kushona. Bibi Saa aliletwa awachague, nami nikapewa kuwa mkalimani wake na mtunza kadi. Kila mfanyakazi akawa na kadi yake: saa anayofika, siku asizofika, magunia anayoshona, yanayorudishwa kwa kuharibika, na muda aliochukua kwenye ubao. Hata waliokataliwa walibaki na kadi, yenye muda wa ubao tu.

Milcah, nilizipenda kadi zile mno. Wenzangu wakienda kula mimi nilizitandaza mezani, nikazitazama jinsi Baba anavyotazama reli inayopotelea mbali kuelekea Kijabe. Zilianza kuniambia mambo. Ziliniambia kwamba nyuzi hukatika zaidi kati ya saa nane na saa tisa. Bibi Saa akapanda ngazi, akagusa bati kwa kiganja, akashuka akapuliza vidole. Kumbe joto la paa lilikuwa linakausha nyuzi. Dirisha likatobolewa upande wa ziwa, na nyuzi zikatulia. Tena kulikuwa na Omolo, anayetia mashine mafuta. Kadi yake ilionyesha kwamba huchelewa kila Jumanne, na nyapara akataka afukuzwe. Bibi Saa akasema kadi inajua siku tu, sababu anaijua mwenyewe, aitwe aulizwe. Omolo akaeleza kwamba kila Jumanne humpeleka mkewe hospitali kudungwa sindano ya kifua. Akapangiwa zamu ya mchana siku hiyo, na tangu hapo hajachelewa hata mara moja.

Basi nikaanza kuziamini kadi kuliko watu. Nilijiambia kwamba mtu ana jamaa na ana hasira, lakini kadi haina ndugu wala adui. Nililala na mawazo hayo kama mtu aliyepata dini mpya.

Safari hii Bibi Saa amekuja kuchunguza kazi yake mwenyewe. Alitaka kujua kama ule ubao wa mwaka jana ulisema kweli. Tukachukua kadi za wale kumi na wawili, tukalinganisha muda wao kwenye ubao na magunia waliyoshona mwaka mzima. Wengi walikuwa vile vile ubao ulivyosema. Mimi nikafurahi, yeye hakufurahi sana. Aliniambia kwamba tumewauliza waliopita tu. Waliokataliwa wako wapi, nao wangefanyaje? Kipimo kisichowasikia wale kilichowatupa, alisema, kinajua nusu ya habari.

Kisha akaniuliza habari zako.

Hakujua kama wewe ni dada yangu. Alisema anamkumbuka msichana mmoja wa kitambaa cha buluu, aliyetoka Longonot. Siku ile yeye alikuwa meza ya kwanza akimpima mtu mwingine, lakini alisikia vijiti kwenye meza ya pili vikiingia matunduni kama mvua inayoanza kwenye bati. Alipogeuka, yule msichana alikuwa ameshaweka mikono mapajani, amemaliza, na mtu wake mwenyewe hata nusu hajafika. Akaniomba nimletee kadi ya msichana huyo.

Niliileta. Imeandikwa sekunde themanini na tano, kwa mwandiko wangu. Aliishika muda mrefu, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu huko, mwisho akasema, labda masikio yangu yalinidanganya. Akairudisha kwenye sanduku. Nami nikalifunga sanduku.

Sasa, dada yangu, nimefika pale nilipokuwa nimeogopa kufika.

Hukuchukua sekunde themanini na tano. Ulichukua hamsini na nane. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika saa ya meza ya pili, na mimi ndiye niliyeandika. Nilichukua tano na nane nikazibadilisha mahali, jambo dogo kama kuhamisha viatu viwili mlangoni. Mpaka wa kupita ulikuwa sekunde sabini. Nikasimama mbele yako nikakwambia kwa sauti ya kaka mwenye huruma kwamba umejitahidi, lakini mikono yako ni mizito kidogo kwa kazi ya mashine. Ulivitazama vidole vyako, ukaniuliza, "Kweli, kaka?" Nikakujibu kwamba kipimo hakisemi uongo.

Mwaka mzima nimejipa sababu nzuri. Nilijiambia kwamba Mama alikuwa mgonjwa na hana wa kumtekea maji. Nilijiambia kwamba mji ulikuwa mbaya, kuulizwa kipande na misako kila kona, na kwamba watu wangesema Masinde ameleta dada yake kukaa kati ya wanaume. Hata nilijiambia kwamba Baba angenishukuru. Sababu hizo zote zilikuwepo. Lakini sizo zilizoshika kalamu.

Nitakwambia iliyoshika kalamu. Kabla hamjaja, Bibi Saa alijaribu ubao ule kwa wafanyakazi wote wa kiwanda, na mimi nikawa wa kwanza, kwa sekunde sitini na sita. Alinipa mkono mbele ya meneja. Kiwanda kizima kikaanza kuniita Sitini na Sita, na hapa Bondeni hata watoto wa jirani wakanifuata na jina hilo. Nilitembea nalo kama mtu aliyevaa koti jipya. Tangu tukiwa wadogo, Milcah, wewe ndiye uliyesifiwa. Wewe ndiye uliyesuka kikapu Mama akakionyesha wageni, nami nikaenda shule kwa sababu mimi ni mvulana, wewe ukatolewa darasa la nne. Hii ilikuwa sifa yangu ya kwanza ambayo sikuichuma kwa kuwa mvulana. Ndipo ukaja na kitambaa chako cha buluu, ukaketi, na mikono yako ikatembea juu ya ule ubao kana kwamba ilikuwa imeuota. Nilitazama saa nikaona hamsini na nane, nikashikwa na wivu. Nilikuwa nimeandika kabla sijajiuliza ninaandika nini.

Ningeweza kufa na siri hiyo. Lakini mwezi wa saba Baba aliniandikia, akitaja tu kama habari nyingine za nyumbani, kwamba yule mama wa misheni wa Naivasha alikuita ukajifunze ushonaji miezi sita, nawe ukakataa. Alisema ulimjibu yule mama kwamba mikono yako imepimwa na wataalamu ikaonekana haifai. Akaongeza kwamba hata vikapu husuki tena. Niliisoma barua ile nimesimama pale posta, watu wakinipita, na nilihisi kama nimo ndani ya maji. Wewe hukukosa kazi tu. Uliichukua ile namba yangu ukaenda nayo nyumbani, ukaishi kwa kuifuata.

Baada ya Bibi Saa kuirudisha kadi yako sandukuni nilikaa siku tatu. Kila nilipomwona akiandika, nilifikiri anaandika uongo wangu, na kwamba uongo huo utasafiri mpaka Ulaya, usomwe na watu waliosoma. Siku ya nne nikamwendea. Nilimweleza yote, hata habari ya wivu. Kisha akazungumza nami kwa Kiswahili chake cha Kizungu, ambacho hukitumia akiwa na hasira: "Wewe nafikiri nimekuja hapa kupima vijiti? Mimi napima watu. Na huyu mtu wewe nafuta."

Alichukua kalamu akanipa, akasema mkono ulioharibu ndio utengeneze. Nikakata themanini na tano kwa mstari mmoja, nikaandika hamsini na nane, nikatia sahihi na tarehe. Inasomeka.

Hakunificha kwa meneja, wala sikumwomba anifiche. Nimeondolewa ofisini. Sasa niko ghalani, napima marobota ya makonge yanapoingia, ndiyo maana nakwambia nasimama mlangoni. Kadi amepewa Kipkorir, kijana mtulivu aliyetoka shule ya Kapsabet. Jina la Sitini na Sita limekufa. Niliwaambia wenzangu wazi kwamba kuna mtu aliyenishinda, na kwamba ni dada yangu. Wengine walicheka, wengine wakanitazama vibaya. Cheptanui, yule mjane anayewasimamia washonaji, alinijia hapo ghalani akaniambia, "Masinde, mimi nimeshona mwaka mzima na aliyestahili kiti changu alikuwa nyumbani anateka maji. Mwandikie. Na usimwandikie kidogo."

Ndiyo nimekuandikia.

Cherehani ya mwisho, ile iliyo chini ya dirisha jipya, iko wazi tangu msichana wake aolewe Eldama Ravine. Bibi Saa amemwomba meneja akuwekee mpaka mwisho wa Oktoba. Hutapimwa tena, alisema ulikwisha kupimwa. Barua yake imo ndani ya bahasha hii, imepigwa chapa, ina jina lako kamili. Kama unapenda zaidi kwenda kwa yule mama wa misheni, nenda. Kama unapenda kukaa Longonot na wazazi, kaa, lakini ukae ukijua kwamba mikono yako ni myepesi kuliko yote niliyopata kuiona. Nimemwandikia Baba barua yake peke yake, ili asikuulize wewe maswali yanayonihusu mimi. Habari ya maji pia nimemwambia: nimepatana na mtoto wa mama yetu mdogo, atakuja kukaa na Mama baada ya mavuno, uondoke au usiondoke.

Siombi unisamehe katika jibu la barua. Msamaha ulioandikwa haraka ni kama mshono wa haraka, hufumuka. Hata usiponijibu, nitajua umesoma.

Nisalimie Baba na Mama sana. Msalimie mzee Kosgei wa stesheni, na majirani wote wa landi ya reli, kila mmoja kwa jina lake. Nekesa anakusalimu na analia kidogo anaponiona nikiandika, kwa maana naye nimemweleza jana tu, na mpaka sasa hajanipa chakula kwa mkono wake.

Na ukija, Milcah, si lazima ufikie kwangu. Cheptanui anakaa nyumba ya tatu kutoka kisimani, hapa hapa Bondeni. Ameshatandika kitanda cha pili, na ameniambia nisikanyage mlangoni pake mpaka wewe mwenyewe uniite.

Ni mimi kaka yako niliyekukosea,
Wilson Masinde