Severini, Walitaka Tuwape Muuaji

Severini,

Jumamosi tuliondoa matanga yako, na nusu ya watu waliokuja walitaka tuwape muuaji. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mtu mwingine wa kugombana naye juu ya jambo hili. Wanaokubaliana nami wananichosha, na wanaonipinga hawajasoma.

Mwaka umepita. Amani waliisaini Arusha, tukaimba, na makombora bado yanashuka kutoka milimani, kana kwamba huko juu hakuna mwenye redio. Chumba ulichofundishia falsafa pale lise, sekondari yetu, sasa ni stoo ya madawati yaliyovunjika. Binti yako Aline ameota meno ya mbele, makubwa kama yako, na mama yake akimwona anacheka inambidi atoke nje kidogo. Mimi bado naandika gazetini. Watu bado wananiita Kiberiti, na wengi hawajui kwamba jina hilo ulinipa wewe.

Kifo chako nimekisikia kikielezwa kwa namna nyingi mno, kwa hiyo acha nikieleze mara moja jinsi kilivyokuwa. Ulikwenda madukani, hapohapo kwenu Mutakura, kununua misumari ya jukwaa. Kombora likaanguka mbele ya maduka. Likakuua wewe na mbuzi wa jirani. Muuza misumari alibaki amesimama, misumari yako mkononi mwake, bila hata mkwaruzo. Wengine wanasema waasi walilenga kambi wakakosa. Wengine wanasema jeshi lilikuwa linajibu, nalo likakosa. Hakuna aliyekulenga, Severini. Hilo ndilo linalonishinda. Ningeweza kuishi na habari kwamba mtu fulani alikuchukia. Kwamba hakuna aliyekufikiria kabisa, hapana, hilo halimezeki.

Najua ungesema nini. Miaka yote uliwaambia wanafunzi kwamba dunia haikumwahidi mtu maelezo, na kwamba ukishagundua haina maana unayo kazi moja tu iliyobaki, kukataa kufanana nayo. Nilikuwa nafundisha historia chumba cha pili. Nilikusikia kupitia ukutani, na kengele ya mapumziko ikilia nilikuja kukubishia kabla hujafuta chaki mikononi. Tulisoma vitabu vilevile vya wale Wafaransa walioandika baada ya vita vyao. Wewe ukatoka humo na swali, mimi nikatoka na rungu.

Kisha vita vyetu vikaja, ukaacha shule, ukaunda kundi lako na mchezo mmoja tu, Bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani. Mlinzi mmoja, msafiri mmoja, na gogo lililolazwa barabarani. Wachezaji wawili, Nestori na Gaspari, mmoja Mhutu, mwingine Mtutsi, na sitaandika yupi ni yupi kwa sababu wewe ulikataza kusemwe. Kila mmoja alijua sehemu zote mbili. Kabla ya kuanza, ulileta chungu cha pombe ya mtama chenye mirija miwili ndani, mmoja umekatwa, na wachezaji wakachomoa mbele ya macho yetu sote. Mwenye mrija mfupi ndiye msafiri, naye atakufa. Mwenye mrefu ndiye mlinzi, naye ataua. Hukuwa na pazia. Aliyeua alipaswa kumbeba aliyekufa mgongoni mwake, apite naye katikati ya watu mpaka nje.

Watu wa mtaa wa Cibitoke walikupigia makofi. Mimi nilirudi nyumbani nikaandika kwamba ni woga. Niliandika kwamba mauaji si mvua, mauaji yana mwenyewe, na msanii anayepigia kura nani auawe anawafutia jasho wauaji. Ulikuja na gazeti limekunjwa kwapani, ukakaa kwenye kiti changu kibovu, ukasema, "Kiberiti, we unataka teatre iwe tribunali, ihukumu watu, juu tribunali yenyewe imelala. Mwenye mauaji unamujua? Nenda umushike. Mi niko na watu wawili na chungu." Ukala ndizi zangu zote ukaondoka.

Siyafuti niliyoandika. Nasema hivyo mapema ili usifurahi bure.

Wiki mbili kabla ya matanga, binamu yako Joakimu alikuja kwangu. Unamjua, sasa ndiye msemaji wa vijana wa mtaa, amevimba shingo. Alikuja na heshima zote, "shikamo mama," akakaa, akakataa chai, nikajua kuna neno. Alitaka Bariyeri ichezwe siku ya matanga, lakini bila mirija. Nestori awe mlinzi. Gaspari awe msafiri. Na mimi, kwa kuwa kalamu yangu ni kali, niongeze mwishoni maneno machache ya kueleza ni watu gani wanaorusha makombora.

"Nestori ni wa kwao," akasema. "Wao ndo walirusha. Acha watu waone."

Nikamwambia Nestori siku ile ya kombora alikuwa sokoni Buyenzi akinunua dagaa.

"Simusemi yeye. Nasema wao." Kisha akanitazama kama mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu somo. "Sindiyo weye mama uliandika mauaji iko na mwenyewe?"

Severini, unajua ilivyo kuona sentensi yako mwenyewe inakurudia ikiwa imenolewa? Nilimfokea. Nilimwambia niliandika 'mwenyewe', sikuandika 'kabila', na kama hajui tofauti arudi shule ya msingi. Hakukasirika. Alisema tu kwamba Nestori asipocheza mlinzi, basi bora asije kabisa, kwa usalama wake. Unaona mtego. Akija kama walivyotaka, ametoka pale na damu yako mikononi, na mtaa mzima umeshuhudia. Asipokuja, amekiri.

Nilikwenda kwa mkeo. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. Nilimweleza yote, pamoja na hasira zangu. Alitoa chuya moja, mbili, akasema, "Bwana yangu hakumupangia mutu kifo. Wachomoe mirija. Joakimu akitaka matanga ya kwake, afe kwanza."

Sikuwahi kuandika kitu kikali namna hiyo maishani mwangu.

Tatizo lilikuwa mahali. Kwako Mutakura hapakufaa, nusu ya wageni, wale wasio wa kabila la mtaa ule, wasingethubutu kuja. Bwana Salimu, yule Mwarabu muuza vitambaa wa Buyenzi aliyekuwa akikupa mabaki ya nguo za jukwaa, akatupa ua wa nyuma ya duka lake. Kwa sharti moja, pombe isiingie. "Chungu kitupu karibu," akasema, "chungu kilichojaa, samahani, mimi nasali hapa." Basi ukaondolewa matanga kwa chai ya tangawizi na juisi ya maracuja. Wajomba zako kutoka Ngozi walikaa wamenuna kama watu waliosingiziwa. Mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona marehemu anaagwa kwa chai, na kwamba labda bado hujafa vizuri.

Nestori alikuja. Shati jeupe, limepigwa pasi. Alipita mbele ya Joakimu na vijana wake akasalimia, na salamu ikaanguka chini. Gaspari alikuwa amemwekea nafasi kando yake.

Chungu kikaletwa, kitupu, mirija miwili ndani. Gaspari alichomoa kwanza. Mfupi.

Nilisikia vijana wakivuta pumzi. Bahati ilikuwa imempa Joakimu kile kilekile alichotaka. Nestori mlinzi, Gaspari maiti. Nilisimama, Severini. Nilitaka kusema wachomoe tena, nilitaka kuharibu mchezo wako wote kwa ajili ya kumwokoa mtu mmoja. Mkeo alinivuta kitenge nikakaa. Alikuwa ananguruma kama paka, sijui analia au ananikemea.

Wakacheza. Pale mlinzi anapouliza, "Umebeba nini?" unakumbuka ulimwachia mchezaji ajibu atakavyo kila mara. Gaspari akajibu, "Misumari."

Nestori hakulitegemea.

"Misumari ya nini?"

"Ya jukwaa."

Nimeona walinzi wengi wa Bariyeri, wakali, walevi, wacheshi. Sikuwahi kuona mlinzi mwenye aibu. Nestori alitazama mikono yake kwa muda mrefu, kisha akafanya kile ambacho mchezo unamtaka afanye. Alimpiga kama mtu anayetii amri ya mtu aliye mbali, asiyemjua. Hapakuwa na kabila katika pigo lile. Palikuwa na ujinga mtupu, mzito, ule uliokuua wewe.

Kisha akambeba. Na Gaspari amenenepa, Severini, mke wake anampikia vizuri. Nestori alipiga hatua chache kuelekea lango, uzito ukamyumbisha, na maiti ikaanza kuteleza upande wa vijana. Watu walirudisha miguu. Gaspari, kwa ukaidi wake, hakufumbua jicho. Angevunjika shingo kuliko kufufuka kabla ya lango. Alikuwa anamwangukia bibi yako, yule kipofu. Joakimu ndiye aliyekuwa karibu. Aliruka, akadaka miguu yote miwili. Na akishaidaka, angefanya nini? Angeitupa? Ikabidi atembee. Nestori mbele, Joakimu nyuma, wakakutoa. Nasema wakakutoa kwa sababu kila mtu pale alikuona wewe, na wajomba wa Ngozi walivua kofia.

Nje ya lango tukasikia maiti ikisema, "Joakimu, leka mguu sasa, nimeisha fika."

Tulicheka mpaka tukalia, au kinyume chake.

Usidhani Joakimu aliongoka. Alinifuata baadaye akaniambia, "Mi nabaki na yangu, mama. Ni wao." Lakini sauti ilikuwa imepungua. Na Nestori alifika kwake salama, ndani ya gari la Bwana Salimu, amezungukwa na vitambaa.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo lililonitoa kitandani. Bado nasema mauaji yana mwenyewe. Kuna mtu aliyeweka kombora lile kwenye mdomo wa mzinga, na kuna bwana mkubwa aliyemtuma, na huyo alisaini amani kwa kalamu nzuri. Nitaendelea kuwaandama kwa jina wakinipa nafasi. Mchezo wako haukumpata mtu huyo, wala hautampata. Nilikulaumu kwa hilo, na nilidhani sanaa isiyomtaja mwenye hatia imesalimu amri. Jumamosi niliona kazi nyingine ambayo kalamu yangu haiiwezi. Mchezo wako ulimnyima Joakimu mtu wa kuweka mahali pa yule asiyemjua. Alikuja na njaa ya muuaji, akaondoka na uzito wa maiti mikononi. Huo nao ni uasi. Mdogo, wa ua wa nyuma, wa chai ya tangawizi. Lakini ni uasi, na nakupa huo, nao tu.

Gaspari anaondoka. Amepata nafasi kwenye meli ya mizigo kwenda Kigoma na mke na watoto, na siwezi kumlaumu. Alitwambia palepale tukiosha vikombe. Nestori akasema basi Bariyeri imekwisha. Mkeo akafuta mikono, akanielekeza kidole. "Si kuna Kiberiti?"

Nilikataa kwa hoja tatu, zote nzuri. Hakuna aliyezisikiliza.

Sehemu ya msafiri nimeishika, rafiki yangu. Ilikuwa rahisi, naijua tangu nizaliwe. Ya mlinzi siimalizi. Nafika pale pa kuinua mkono, nasimama jikoni kama mjinga, mwiko hewani. Maisha yangu yote nimekuwa upande wa anayesimamishwa.

Pumzika, Severini. Nakuahidi, siku nitakapochomoa mrija mrefu, sitaomba wachomoe tena.

Kiberiti wako