Hata Kupe Wamekufa

Tarasaa, Garsen
15 Februari 2026

Mpendwa dada Nelly,

Pokea salamu zangu nyingi, na uniambie kwanza mgongo unaendeleaje, na kama huyo mama mwenye nyumba ameanza kukupa siku ya kupumzika. Sisi huku tunapumua tu. Mama magoti yanamsumbua, mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, na mvua hatujaiona.

Umeniuliza mara tatu mbona kundi letu la WhatsApp la Vunja Mbavu limenyamaza, nami nimekuwa nikikukwepa. Nakuandikia kwa karatasi, nimpe jirani yetu Mbeyu akuletee anaporudi huko kazini, kwa sababu nikishika simu naziona zile nyuso za kucheka, naiweka chini.

Utani wetu na Dahabo unaujua tangu tulipokuwa shule moja Garsen. Yeye hutuambia sisi Wagiriama tunawalimia nyani, nasi humwambia Waorma humbusu ng'ombe kabla ya mke. Hakuna aliyewahi kununa. Basi mwezi uliopita, mimi na mdomo wangu huu, nikatuma: "Ng'ombe wa kina Dahabo wamekonda hadi kupe wamehamia kwa mbuzi."

Mkacheka. Dahabo akajibu, "Hata kupe wamekufa." Hapo ndipo tulipogaragara kabisa. Wewe mwenyewe uliandika kwamba umepaliwa na chai, na Changawa akamvika taji la mcheshi wa mwaka.

Kesho yake Dahabo akajitoa kwenye kundi. Nikadhani amebonyeza vibaya, nikamrudisha. Akatoka tena.

Wiki mbili baadaye, sokoni Garsen, mama mmoja jirani yao akaniambia kwamba ng'ombe wa Mzee Abdullahi, babake Dahabo, wameisha wote. Watatu wa mwisho walianguka asubuhi ileile ya kichekesho changu. Mzee hali, hasemi, amelala ameelekea zizi tupu. Nelly, nililia palepale na kikapu mkononi, watu wakinitazama.

Juzi nikaenda kwao. Harufu ya mizoga bado ipo. Dahabo alinitandikia mkeka, akaniomba radhi kwamba hakuna maziwa. Nyumba ya Waorma, Nelly, na chai ya rangi! Nikaanza kumwomba msamaha.

Akanitazama, akasema polepole, "Mimi sikukasirika, Kadzo. Siku ile nilikuwa naambia nyinyi. Nyinyi mkacheka."

Nilikaa naye hadi alasiri, nikaondoka. Wiki hii wanahamia Chewele kwa ndugu zao. Tangu utotoni sijawahi kuzungumza naye bila utani, na sasa sijui nizungumze naye vipi. Sioni kama tutampata tena.

Mama anakusalimu, na Mjomba Randu pia, anasema usimsahau. Mungu akuhifadhi huko ugenini, na siku ukilia, asikose mtu wa kujua kwamba unalia.

Wako akupendaye,
Kadzo