Gogo Moja la Ziada

Jumamosi, 21 Juni
Sijui kama nimelala. Nje kweupe hata usiku wa manane, ndani kweupe, kila kitu kinaelea. Mume wangu Tauno yuko kwenye mashine. Mrija kooni, kifua kinapanda, kinashuka — si yeye anayepumua.

Jana sikukuu ya katikati ya kiangazi. Sauna ya moshi, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, niliwasha mimi, tangu asubuhi. Haina dohani, kwa hiyo aliyewasha ndiye anayesema lini watu waingie: moto ukishakufa, moshi ukishatoka. Wifi Impi akanicheka mbele ya wageni. Eti mawe yangu baridi, mwaka huu tutaoga kwenye friji! Niliona aibu. Nikarudi kimyakimya, nikatia gogo moja. Kisha nikatangaza: tayari. Tauno akaingia wa kwanza, kama kawaida yake. Tulimtoa hana fahamu, masizi puani.

Daktari nimemwambia kulikuwa na moshi. Gogo sikulitaja.

Jumatatu, 23 Juni
Daktari Vuolle kapitisha kamera nyembamba, kamwosha mapafu. Uchafu mweusi! Anasema sumu ya moshi imeshatoka kwenye damu, oksijeni imefanya kazi yake. Shida ni koo. Limevimba.

Nikasinzia kitini. Nikaota tunapiga makasia, mimi na yeye, ziwa halina ng'ambo, kila kasia ni pumzi yake. Nikiacha mimi, anaacha naye. Niliamka mikono inauma kweli.

Impi kapiga simu, analia, eti bora angefunga mdomo. Nikamwambia si kosa lako, wifi. Basi, nikaishia hapo. Mwoga mimi!

Jumatano, 25 Juni
Wameutoa mrija! Saa nne asubuhi. Uvimbe ukirudi wataurudisha, na safari hiyo daktari hajui atautoa lini. Saa mbili hizi za kwanza ndizo za hatari.

Muuguzi Kaisu kamvisha kinyago cha mvuke wa dawa. "Vuta, mzee, huu hauna moshi." Tauno akatabasamu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote.

Akasogeza kinyago. Sauti ya msumeno butu: "Nilikuona."

Uliniona? Na ukaingia?

"Ningekukataza, Impi angekucheka mpaka Krismasi."

Mjinga we! Nimelia mpaka miwani imelowa.

Naandika kwa mkono mmoja, mwingine kaushika yeye. Pumzi yake imeanza kupiga mluzi, koo linaziba tena. Kaisu naye kausikia, kaacha utani, kabonyeza kengele. Daktari anakuja mbio. Tauno ananikazia macho, anavuta —