Mama Mkwe na Msoma Mita

Shoga, uko wapi? Nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Unajua tangu nimfuate mume wangu nchi hii nasubiri kibali cha kazi, huku naifanyia kazi kimyakimya ile kampuni ya kule kwetu, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Wakili wa kampuni ndiye anafuatilia kibali.

Sasa leo niko kwenye kikao cha video, mlango ukagongwa. Mama mkwe akachungulia: mwanamume, kofia, kitambulisho kifuani. "Uhamiaji hao! Jifiche!"

Nikajibanza nyuma ya pazia. Mama akafungua na kuanza bila kuulizwa: "Mkwe wangu hafanyi kazi! Hata kuwasha kompyuta hajui! Mvivu huyo, analala mchana kutwa!"

MVIVU, shoga! Mchana kutwa!

Yule mtu akasema kwa upole, "Mama, mimi nimekuja kusoma mita ya maji."

Narudi kwenye kompyuta, kumbe kipaza sauti sikukizima! Kikao kizima kimesikia! Nikatamani ardhi inimeze.

Bosi akakohoa. "Mwambie mama mkwe wakili amenipigia asubuhi. Nilingoja kikao kiishe nikuambie. Kibali kimetoka."

Kimetoka! KIMETOKA, shoga!

Nikapiga kelele, Mama akapiga vigelegele, kisha akatoweka. Nachungulia dirishani: yuko barabarani, ndala mguu mmoja, anamkimbiza msoma mita.

"Baba, simama! Nilikudanganya! Mkwe wangu anafanya kazi! Tena halali!"