Vyungu Viwili vya Chama

Jumatatu, 9 Januari 1967
Uji asubuhi. Nusu kikombe, uliobaki nimewamwagia kuku. Kifua kinakoroma kama kawaida. Kuna jambo nimelificha, na sina muda mrefu wa kuendelea kulificha: viongozi wa chama chetu wananitia kichefuchefu. Mimi ndiye mzee wa tawi. Kila mkutano naufungua kwa sala, kisha natabasamu. Tabasamu la uongo.

Okisai kaja kwa baiskeli kutoka Malaba. Ni katibu wetu, na zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Watu wa kabila lake, Wateso, wamechoka. Tangu uhuru mwenyekiti hutoka Busia, mikutano hufanyika Busia, hata viti vya kukalia hutoka Busia. Wanataka uenyekiti uzunguke. Wakinyimwa kwenye mkutano wa Jumapili, watajitoa. Ameniomba niseme hadharani kwamba tawi limepasuka, kwa kuwa mwenyekiti hawezi kumkemea mzee. Nimekubali.

Jumatano, 11 Januari
Wandera, mwenyekiti, ameniletea sukari. Mtu wa kabila letu, wa ukoo wa mama yangu. Vifungo vya shati vinalia juu ya tumbo. Nikamwuliza habari za Malaba.

"Mgawanyiko uko wapi, mzee? Si tunakunywa pamoja?"

"Mnakunywa pombe vyungu viwili."

"Watu ni wengi! Mirija yote ya kunywea itaingiaje chungu kimoja?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Nyumba inaungua, yeye anaota moto.

Ijumaa, 13 Januari
Sikulala. Nimeyapanga maneno yangu. Ni machache. Yanatosha.

Jumapili, 15 Januari
Mkutano nyumbani kwa Wandera. Pombe ya wimbi, vyungu viwili tena, kimoja kila upande wa ua. Busia na mirija yao, Malaba na yao. Zamani kilikuwa chungu kimoja. Aliyekosana na mwenzake hakuruhusiwa kuingiza mrija mpaka wapatane mbele ya wote. Desturi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulazimisha kusema. Sasa mtu akikasirika anahamia chungu cha pili, na viongozi wanaita hiyo amani.

Wandera alikuwa akizunguka na mrija wake mrefu. Anafyonza huku, anafyonza kule. "Tuko wamoja! Tuko wamoja!" Povu kwenye masharubu.

Nikasimama. Nikasali. Okisai alikuwa ananitazama. Nikafungua mdomo niseme, nikashika kifua, nikaketi.

Mtu wa Busia akapaza sauti: "Mzee amebariki! Mwenyekiti ni yule yule!" Makofi. Hakuna kura, hakuna swali. Watu wa Malaba wakachomoa mirija, wakaifuta, wakachukua baiskeli zao. Upande wao wa ua hakuna aliyebaki.

"Waacheni," Wandera akasema. "Wanawahi kukamua ng'ombe."

Watu wazima wakacheka. Uozo mtupu.

Jumanne, 17 Januari
Kumetulia. Jua, upepo kidogo.

Okisai amekuja. Wamejitoa. Ofisi yao ni chumba nyuma ya duka la nguo Malaba. Nilidhani amekuja kunilaumu. Ameleta asali. Akaikoroga mwenyewe katika maji ya moto, akanishikia kikombe nikinywa.

"Pole, Mwalimu. Niliona ulivyojaribu. Ni hiki kifua tu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Amekwenda. Naandika polepole.

Kifua hakikunibana siku ile. Sauti ilikuwepo na maneno yalikuwepo. Uenyekiti ungezunguka, ungemfikia Okisai, na hakuna anayeufaa kuliko yeye. Nilimfundisha kusoma. Nampenda kama mwanangu. Lakini sikutaka kuongozwa na Mteso.